Ndigana kali: pampu, chanjo au sindano? Ulinganisho kwa mkulima wa simu

Simu ya kijana wetu iliniingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa ndani ya matatu, Outering imesimama kama kawaida yake. "Bosi, Sukari hataki kula." Nikamuuliza tangu lini. Akanyamaza kidogo. "Tangu juzi."

Kufikia jioni daktari wa mifugo alikuwa Kamulu, ameinama kando ya yule mtamba, anaifinya tezi iliyo chini ya sikio. Ilikuwa imevimba kama yai la kuku. Joto 41.3. Pumzi fupifupi, na povu jeupe limeanza kuchungulia puani. Alidungwa dawa inayostahili kwa kipimo kinachostahili. Siku ya nne akafa. Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizwa. Ofisini kwetu tuko kama sita tunaofuga kwa mbali: mmoja Ruai, wawili Kitengela, mwingine Juja, ng'ombe wawili watatu wa gredi (wa kizungu au chotara) kila mmoja, na kijana wa kuwaangalia. Swali ni lile lile: ninyunyizie dawa ya kupe, nichanje, au niweke tu dawa ya kutibu tayari? Ukiuliza dukani, jibu hutegemea kilichojaa kwenye rafu. Mimi kwanza humuuliza mtu hivi: wewe ukiwa kazini, nani yuko zizini, na anajua kutazama nini?

Kabla hatujalinganisha, mjue adui, kwa sababu tofauti ya njia hizi tatu iko kwenye kalenda yake.

Kupe anayehusika ni yule wa kahawia anayependa kujibanza ndani ya sikio. Mtie kidole sikioni ng'ombe aliyekaa wiki mbili bila dawa, utahisi vitu vigumu vidogo kama ufuta, na katikati yake vikubwa kama dengu. Katika maisha yake kupe huyu hunyonya wanyama watatu: mmoja akiwa mchanga kabisa, wa pili akiwa wa makamo, wa tatu akiwa mzima. Kila akishiba huanguka, hujigeuza huko chini kwenye nyasi, kisha hupanda mnyama mwingine. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, huvuka naye kutoka hatua moja hadi nyingine lakini hakipiti kwenye mayai. (Kupe huyo huyo ndiye anayeeneza ugonjwa wa kondoo uliobeba jina la mji wetu, ule uliotambuliwa hapa Nairobi mwaka 1910. Ukifuga kondoo pembeni, usidhani haya hayakuhusu.)

Jambo la kushika ni hili. Kupe akishauma hamwagi ugonjwa papo hapo. Vimelea vilivyo kwenye tezi zake za mate huhitaji siku kadhaa za kunyonya damu, kwa kawaida tatu au nne, ndipo vikomae na kuteremka na mate. Vikishaingia kwa ng'ombe hujificha ndani ya seli nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo, karibu kama saratani. Homa huonekana siku ya 8 hadi ya 12 hivi. Ng'ombe wa gredi asipotibiwa hufa, mara nyingi kati ya siku ya 18 na ya 30 tangu aambukizwe.

Kwa hiyo pampu hufanya kazi kabla mate hayajateremka, chanjo huuandaa mwili miezi au miaka kabla ya kupe kuja, na sindano hukimbizana na kimelea ambacho kimeshatangulia.

Pampu

Ndiyo njia ambayo karibu kila mtu huanza nayo, na kwa siku moja moja ndiyo nafuu. Dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5, kwa mfano, kwa kawaida huchanganywa mililita 2 kwa lita ya maji, yaani mililita 40 kwenye pampu ya mgongoni ya lita 20. Soma kibandiko cha chupa yako, maana kuna dawa za jamii nyingine zenye vipimo tofauti kabisa.

Kwa kupe wengine kunyunyizia mara moja kwa wiki hutosha. Kwa ndigana kali, mahali penye kupe wengi, wiki moja ni ndefu mno. Kupe akipanda kesho yake baada ya kunyunyizia, na dawa imeshapungua nguvu, atakuwa amekomaza vimelea kabla ya zamu ijayo. Ndiyo maana majosho ya zamani yalikuwa na ratiba ya siku tatu au tano wakati wa hatari. Mara mbili kwa wiki ni mara 104 kwa mwaka. Jiulize kijana wako amewahi kufanya jambo gani mara 104 bila kuruka. Sisemi kwa dharau, mimi mwenyewe nisingeweza.

Na hata asiporuka, kuna namna ya kunyunyizia isiyosaidia kitu. Nilisimama nikamtazama wetu siku moja: mgongo ukang'aa maji, mbavu zikang'aa, masikio makavu. Chini ya mkia pakavu. Kati ya miguu pakavu. Pampu moja ya lita 20 ilikuwa imemaliza ng'ombe wote watatu na bado maji yalikuwa yanacheza ndani. Ukiona hivyo jua hawajalowa. Siku hizi masikio yanapakwa kwa kitambaa, mkono ukiwa na glavu, kabla pampu haijaguswa.

Halafu kuna nepia, yale majani marefu ya kukatia ng'ombe. Mtu atakwambia ng'ombe wake hatoki zizini, kupe watatoka wapi. Watatoka kwenye mzigo wa majani yaliyokatwa kando ya barabara ambako ng'ombe wa watu hupita kila siku. Sukari hakuwahi kukanyaga malisho.

Ubaya mwingine wa pampu ni usugu. Kupe wanaonyunyiziwa dawa ya jamii moja miaka nenda rudi, tena kwa kipimo kilichopunguzwa ili chupa idumu, huishia kuizoea. Ukiona kupe wako hai siku mbili baada ya kunyunyizia vizuri, badilisha jamii ya dawa. Kubadilisha jina la chupa tu si kubadilisha dawa.

Uzuri wake mkubwa, ambao wanaopigia debe chanjo hupenda kuuruka, ni kwamba pampu haichagui ugonjwa. Ndigana baridi na mkojo mwekundu, vinavyoletwa hasa na kupe wa buluu, pamoja na maji moyo, vyote hupungua kupe wakipungua. Chanjo ya ndigana kali haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Kuhusu majosho ya umma sina mengi. Yaliyokuwa yakihudumiwa na serikali yalianza kukauka miaka ya 1980 na 1990, na mengi sasa ni mashimo ya saruji yenye magugu. Kama eneo lenu lina josho linaloendeshwa na kamati inayopima nguvu ya dawa, mna bahati. Litumieni.

Chanjo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye maswali mengi na uvumi mwingi.

Chanjo hii ni ya hapa hapa kwetu. Ilibuniwa Muguga, ukishapita Kikuyu, miaka ya 1970, katika maabara ya utafiti wa mifugo iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima. Ni mchanganyiko wa aina tatu za kimelea: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Watu hushtuka nikiwaambia kwamba vimelea hivyo ni hai na havijadhoofishwa. Ng'ombe huambukizwa ndigana kali kwa makusudi, na dakika hiyo hiyo hudungwa antibiotiki iitwayo oksitetrasiklini, ya kukaa muda mrefu mwilini, ili ugonjwa uzimwe ukiwa mchanga na mwili ubaki umejifunza. Ndiyo sababu inaitwa njia ya kuambukiza na kutibu.

Kuitengeneza ni kazi ya ajabu. Ng'ombe huambukizwa, kupe hulishwa kwao, kisha hupandishwa kwenye masikio ya sungura ili vimelea vikomae, halafu kupe hao husagwa, na rojo lake hugandishwa ndani ya naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliyoko Kabete, ilitengeneza mkupuo wa dozi zipatazo milioni 1 mwaka 2008. Baadaye kazi hiyo ikahamishiwa kituo cha kupe na magonjwa yao kilichoko Lilongwe, Malawi.

Ajabu nyingine ni kwamba chanjo yenye jina la Muguga ilipata wateja wengi kaskazini mwa Tanzania, kwa wafugaji wa Kimaasai, huku sisi tukiwa bado tunabishana. Wao walikuwa wamechoka kuzika ndama. Huku kwetu hofu mojawapo ilikuwa kuingiza aina za kimelea ambazo hazikuwako eneo fulani. Si hofu ya kijinga, kwa sababu ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea vichache damuni, kupe wakavichukua na kuwapelekea wasiochanjwa.

Siku yenyewe huwa hivi. Mtaalamu alifika kwetu na mtungi mzito kama wa gesi, akaufungua, mvuke mweupe ukamwagika juu ya kingo zake. Akavua kijirija chembamba kwa koleo, kikayeyuka mkononi mwake, akakichanganya na maji maalumu na kukiweka kwenye barafu. Kuanzia hapo saa zinahesabika: dawa iliyoyeyuka haigandishwi tena, na isipotumika ndani ya saa chache ni ya kumwaga. Kila ng'ombe alipimwa uzito kwa utepe wa kifuani. Akachomwa oksitetrasiklini msulini kulingana na uzito, kisha mililita 1 ya chanjo chini ya ngozi karibu na tezi ya sikio, mwisho akatiwa hereni.

Tatizo la mtu mwenye ng'ombe watatu ni kwamba kijirija cha kawaida hutosha ng'ombe 30 hadi 40. Hakuna atakayekiyeyusha kwa ajili ya watatu. Ilinibidi nizunguke kwa majirani Jumamosi mbili, nikiomba namba za simu langoni, mpaka tukafika 34. Kama huna subira ya kuunda kikundi, au hakuna kikundi cha kujiunga nacho, njia hii itakupa taabu kuliko bei yake. Bei, kwa miaka mingi, imekuwa ikitajwa kati ya dola 8 na 12 kwa mnyama. Ni mara moja tu maishani mwake. Linganisha na zile mara 104.

Haiishii hapo, lakini. Wiki tatu hadi nne baada ya chanjo unatakiwa kuwatazama. Wachache hupata homa ya kweli na kuhitaji dawa ya kutibu. Kwetu alikuwa ndama mmoja wa jirani, akatibiwa, akapona. Ng'ombe aliyekonda au anayeumwa kitu kingine asichanjwe siku hiyo. Wenye mimba kubwa, mwambie mtaalamu kabla hajafungua mtungi.

Chanjo ina pengo ambalo watu wa Kitengela na Rongai lazima walijue. Nyati hubeba Theileria parva ya aina zake, nyingi na tofauti, na mwenyewe haugui. Jaribio lililofanywa Ol Pejeta, Laikipia, ambako ng'ombe hulishwa pamoja na nyati, lilionyesha kwamba hata waliochanjwa waliugua na wengine kufa. Mbuga yetu ya Nairobi ina nyati. Kama ng'ombe wako hulishwa upande ule wa kusini usio na ua, chanjo peke yake isikupe usingizi.

Sindano

Nimeiweka ya mwisho, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote, ingawa dawa yenyewe ni nzuri mno. Buparvakwoni hutibu ndigana kali ikidungwa mapema. Kwa dawa yenye miligramu 50 kwa kila mililita, kipimo ni mililita 1 kwa kilo 20, msulini shingoni. Ng'ombe wa kilo 400 hula mililita 20, iliyogawanywa sehemu mbili, na mara nyingine hurudiwa baada ya saa 48. Ng'ombe mmoja mkubwa anaweza kumaliza chupa nzima ndogo kwa zamu moja, na chupa hiyo si rahisi mfukoni. Ongeza ujio wa daktari, ongeza maziwa unayomwaga kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko, na ongeza wiki ambazo ng'ombe aliyepona hutoa nusu ya maziwa yake.

Lakini bei si hoja yangu. Hoja ni lile neno "mapema". Daktari aliyemshika Sukari aliniambia kwamba maji yakishaanza kujaa mapafuni, hata dawa ikiua vimelea vyote, ng'ombe anaweza kufa kwa uharibifu uliokwisha kufanyika. Kutoka homa ya kwanza hadi kufika hapo ni siku chache sana. Ukitegemea sindano, unategemea mtu aliyepo zizini aone kwamba leo sikio limelegea, tezi imeanza kujaa, joto limepita 39.5, siku ile ile. Kijana wetu hakuwa mvivu. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha tezi iko wapi.

Na hapa kuna kosa ambalo hufanyika kila wiki mitaani. Mtu anaona homa, anakimbilia dukani, anauziwa oksitetrasiklini kwa kuwa ni nafuu na kila mtu anaijua. Dawa hiyo huzima ndigana kali ikiwa tu imeingia pamoja na maambukizo, kama kwenye chanjo. Ugonjwa ukishajitokeza haina la kufanya. Inatibu ndigana baridi, ndiyo, na majina haya mawili yanayofanana yameua ng'ombe wengi. Kama una shaka, mwombe daktari atoe majimaji ya tezi kwa sindano, ayapake kwenye kioo, yatazamwe kwa hadubini. Maabara ya mifugo ya Kabete haiko mbali nasi.

Sasa, wewe ni yupi?

Kama una ng'ombe wa gredi, hasa mitamba na ndama unaotarajia wakae miaka mingi, na wewe unafika Jumamosi kwa Jumamosi, chanja. Sioni mjadala hapo. Baada ya chanjo endelea na pampu, ila unaweza kuilegeza, mara moja kwa wiki au kwa kuangalia kupe walivyo, kwa sababu sasa unapambana na ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo tu. Mvua za Machi na za Oktoba zikianza, kaza tena.

Kama unaishi hapo hapo na ng'ombe wako, unawakamua mwenyewe, unawajua kwa pumzi zao, pampu mara mbili kwa wiki pamoja na kipimajoto inaweza kukutosha. Najua mama mmoja Dagoretti mwenye ng'ombe wawili ambaye hajawahi kuchanja wala kupoteza ng'ombe kwa ndigana. Huyo hukagua masikio kila anapokamua, asubuhi na jioni. Ukiweza kuwa yeye, hongera.

Kama unanunua ng'ombe wa kunenepesha na kuuza baada ya miezi michache, piga hesabu yako upya, chanjo huenda isirudishe pesa. Nyunyizia, na uweke namba ya daktari karibu.

Ukifuga zebu, ng'ombe wa kienyeji wa nundu, mambo hubadilika. Utafiti uliofanywa Busia kati ya 2007 na 2010 ulifuata ndama 548 wa kienyeji kwa mwaka wao wa kwanza. Ndigana kali ndiyo iliyoua wengi, lakini watafiti walipochambua waligundua kwamba ndama waliokuwa na vimelea vya ndugu zake wapole, Theileria wasio wakali, walikuwa na hatari ndogo mno ya kufa kwa ndigana kali, pungufu kwa asilimia 89. Yaani yule ndama wa kienyeji mwenye kupe wachache hakuwa ameachwa tu, alikuwa anajengwa. Usichukue hilo kama ruhusa ya kuacha Friziani wako na kupe. Friziani hana mababu waliomwandaa.

Anayelisha karibu na nyati anahitaji vyote vitatu, na ua.

Na kuna kundi linaloniambia litasubiri chanjo mpya isiyohitaji naitrojeni wala sungura. Watafiti wa Kabete wamehangaika nayo miongo kadhaa, hasa kwa protini moja ya kimelea iitwayo p67. Ramani kamili ya jeni za Theileria parva ilichapishwa mwaka 2005. Mwaka 2022 ukaja utafiti kuhusu ukoo wa ng'ombe wa Boran, waliotokana na fahali mmoja, ambao wengi wao huugua ndigana kali na kupona wenyewe, na sehemu ya jeni inayohusika ikatambuliwa. Nayafuatilia kwa hamu. Lakini mtamba wako yuko zizini leo, na nepia ya leo imeshaletwa.

Sisi tuliamua hivi: wote wamechanjwa, masikio na pampu kila Jumatano, chupa moja ya buparvakwoni kwa daktari wetu na si kwangu, kwa maana mimi nitaidunga kwa woga tu. Ndama aliyezaliwa Agosti anangoja kikundi kifike 30, tuko 22. Kijana wetu alinunuliwa kipimajoto, na kila jioni baada ya kukamua hunitumia picha yake, kimeshikwa mbele ya ng'ombe husika ili nisidanganywe. Jana: 38.6, 38.4, 38.9.